Dawa Isiyo na Kipimo

Kiswahili ni tajiri wa maneno, ila pana mahali ambapo utajiri huo umekoma. Kitu kinachoponya na kitu kinacholevya vyote viwili huitwa dawa. Mtoto aliyemezeshwa vidonge vya malaria ametumia dawa. Kijana aliyejidunga heroini uchochoroni naye husemwa kuwa ametumia dawa, na sheria hulazimika kuongeza maneno mawili, "za kulevya", ili kumtenga huyu na yule. Wazee wa pwani walikuwa na neno la peke yake, kasumba, yaani afyuni, utomvu mkavu wa tunda la mpopi. Lakini neno hilo lilichukuliwa na wanasiasa, likapewa kazi ya kutaja fikra zilizoganda kichwani, na leo wengi wasemao "kasumba ya kikoloni" hawafikirii kabisa kuwa wanataja kitu kilichokuwa kikipimwa kwa mizani.

Uraibu nalo ni neno lenye historia ya upole. Hapo kale lilihusu tambuu, popoo, tumbaku na vitu vingine vya kutafuna na kuvuta baada ya chakula, vitu vya mazungumzo ya barazani, alivyokaribishwa mgeni kwa heshima. Hakuna aliyeona aibu kwa uraibu wa namna hiyo. Pengine kwa hili lugha ilikuwa na busara kuliko wasemaji wake, kwa kuwa ilijua kwamba kitu kinachomshika mtu hakiingii nyumbani kwa kuvunja mlango. Huingia kwa hodi, na hukaribishwa.

Kwa msomaji wa visiwani na mwambao, habari ya uraibu si ngeni. Tangu miaka ya 1980 heroini, ambayo vijana waliipa jina la unga, imeingia katika miji ya pwani, na mitaa mingi ya Zanzibar, Tanga, Mombasa na Dar es Salaam inamjua kijana wake aliyepotea. Mwaka 2009 Zanzibar ilianza kuwa na nyumba za kuwatunza waliokusudia kuacha. Mwaka 2011 kliniki ya methadoni ilianza kazi Muhimbili, na nyingine zikafuata bara na visiwani. Kwa hiyo uraibu ukitajwa, fikra za wengi hukimbilia sura ya teja aliyesinzia kwa kuinama kando ya njia. Sura hiyo ni ya kweli, lakini imeifunika nyingine. Wapo watu ambao hawajapata kuvuta hata sigara, wenye kazi zao na watoto wao, ambao safari yao ilianza kwa maumivu ya mgongo, ikapitia dirisha la duka la dawa.

Sura hii ya pili huonekana vizuri zaidi mbali na bahari, kwenye ukingo wa ziwa kubwa, katika mji wa Mwanza. Mji huu umejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe, na riziki yake nyingi hutoka majini. Juu ya kilima cha Bugando ipo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako huletwa wagonjwa kutoka Ukerewe, Geita, Mara, Kagera na Shinyanga. Chini ya kilima, upande wa Kirumba, upo mwalo ambako dagaa hushushwa kwa magunia na kusafirishwa hadi nje ya nchi. Kati ya kilima na mwalo wapo watu wanaoishi kwa nguvu za migongo yao: wapagazi, wapasuaji wa kokoto, wanawake wanaobeba ndoo za samaki vichwani, na wavuvi.

Uvuvi wa dagaa ni kazi ya gizani. Mitumbwi hutoka jioni katika zile siku ambazo mwezi haupo au umechelewa kuchomoza. Taa huwekwa juu ya maelea; zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za nguvu ya jua. Dagaa hufuata mwanga, wakakusanyika, ndipo wavu unapozungushwa na kuvutwa kwa mikono. Kisha taa huhamishwa na kazi huanza upya, mara kadhaa kwa usiku mmoja, hadi alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, na wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu na kungoja giza lirudi. Maisha yao yote yamegawanyika mara mbili kila mwezi, siku za giza na siku za mbalamwezi.

Kazi ya namna hii haina budi kuuma, na mwenye kuumwa hutafuta kutuliza. Dawa za kutuliza maumivu kwa kawaida ni za koo mbili, na kutozitenga koo hizo ndiko kunakowaponza wengi. Ukoo wa kwanza ni wa parasetamoli, ibuprofeni na daiklofenaki. Hizi hazilevyi, wala hazimfungi mtu kwa kiu. Lakini hazikosi madhara, kwani parasetamoli ikizidi gramu 4 kwa siku huweza kuharibu ini, na mbili zilizobaki, zikimezwa mfululizo, hutoboa tumbo na kuchosha figo. Ukoo wa pili ni wa kasumba yenyewe na ndugu zake: kodeini, tramadoli, pethidini na mofini. Hizi huenda kwenye ubongo na uti wa mgongo, zikashika mahali palepale panaposhikwa na vituliza maumivu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe. Maumivu hupungua, na pamoja nayo hupungua wasiwasi na uchovu. Mwili ukizizoea, kipimo cha jana hakitoshi leo. Zikikosekana ghafla, mwili hudai: miayo isiyokwisha, mafua, jasho, vinyweleo kusimama, tumbo kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kutoweka. Hapo ndipo penye mtego mkubwa, kwa sababu yule aliyeanza kwa maumivu ya mgongo hurudishiwa maumivu ya mgongo, tena makali kuliko ya kwanza, na huamini kuwa ugonjwa wake umezidi. Anameza tena, anapata nafuu, na ile nafuu inakuwa ushahidi kwamba alikuwa anaumwa kweli.

Katika mtaa mmoja wa Mwanza, ulio juu ya mteremko wa mawe unaolitazama ziwa, iliwahi kuwapo nyumba ambamo koo hizi zote ziliingia. Aliishi humo mwalimu mstaafu wa shule ya msingi pamoja na kitinda mimba wake, mvuvi wa dagaa. Mama alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, ugonjwa unaoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, na kama ilivyo kwa wengi, uligunduliwa ukiwa umekwisha kutambaa. Matibabu alipata, lakini ulifika wakati ambapo tabibu hakuzungumzia tena kupona. Alizungumzia huduma shufaa, yaani namna ya kumtunza mgonjwa asiteseke, na akaandika mofini ya maji.

Mama alikataa. Muuguzi aliyekuja kumtazama nyumbani alimkuta ameketi kitandani, mikono imeshika ukingo wa godoro, jasho linamtoka, na chupa ipo mezani haijafunguliwa.

"Sista," alisema, "nimefundisha watoto wa watu miaka 34. Unataka nife nikiwa teja?"

"Hapana, Mwalimu. Nataka ulale, unywe uji wako, na uzungumze na wajukuu. Na hii dawa hutaimeza peke yako. Kila kipimo tutakihesabu mimi na wewe."

Akamwomba daftari. Kwa mwalimu, daftari ni kitu anachokielewa. Muuguzi akapiga mistari na kufanya safu tatu: saa, mililita, na vidole. Safu ya tatu ilikuwa ya maumivu. Ngumi iliyofumbwa ni kutokuwa na maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Siku ile mama alionyesha vitano. Akaanza na mililita 5 kila baada ya saa 4, na kipimo cha mara mbili wakati wa kulala ili usiku asiamshwe na maumivu. Akaelezwa kwamba siku za mwanzo angesikia kichefuchefu na usingizi, kwamba choo kingekuwa kigumu na dawa yake ipo, na kwamba asiiache mofini ghafla hata akijiona mzima. "Mwili wako utaizoea, Mwalimu. Hilo si uteja. Lakini ukiukatizia ghafla utapiga miayo, utatokwa na mafua, tumbo litachafuka, mifupa itauma. Tukitaka kuiacha tutaipunguza kidogo kidogo."

Baada ya siku nne safu ya vidole ilisoma mbili, kisha moja. Mama alianza kuteremka kitandani. Aliomba kibao cha mbuzi akakuna nazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi, na akawa anawasahihisha wajukuu hesabu zao kwa kalamu nyekundu.

Mwanawe ndiye aliyekuwa akiandika daftari katika zile siku za mbalamwezi alizokuwa nyumbani. Yeye naye alikuwa na dawa yake. Msimu mmoja uliopita, mwenzake mtumbwini alimpa vidonge viwili vya tramadoli, vya miligramu 50 kila kimoja, mgongo ulipomkataa katikati ya usiku. Mgongo ulinyamaza, na zaidi ya hapo mikono ilipata nguvu na baridi ya ziwa haikusikika. Usiku uliofuata alinunua vyake mwenyewe. Tramadoli kwa kanuni huhitaji cheti cha daktari, lakini muuzaji aliyemwendea hakuuliza cheti, aliuliza, "Ngapi?" Vidonge viwili vikawa vinne, vinne vikawa sita, na kufika giza la tano alikuwa akimeza kumi kwa usiku, hali kikomo cha mtu mzima ni vinane kwa siku. Hakujua kuwa kipimo cha namna hiyo huweza kumwangusha mtu kwa kifafa, na mwenye kuanguka kifafa ukingoni mwa mtumbwi usiku haokolewi kwa urahisi.

Kila mwezi ulipokuwa mpevu, pesa zikiwa zimekwisha na mtumbwi umepakiwa mchangani, aliugua. Alitetemeka, akatokwa na jasho na kamasi, akaharisha, akajinyoosha usiku kucha bila kupata usingizi. Alisema ni malaria. Alipimwa mara mbili na vijidudu havikuonekana, naye akasema vipimo ni vibovu. Giza liliporudi, alipopata pesa ya kwanza na vidonge vya kwanza, alipona.

Mama alimtazama kwa miezi miwili. Zile dalili alizokuwa ameambiwa na muuguzi azitazamie kwake mwenyewe, alikuwa akizisoma mwilini mwa mtoto wake.

"Mwanangu," alimwuliza siku moja, "malaria gani hii inayofuata kalenda ya mwezi?"

Kijana hakujibu. Mama hakupandisha sauti. Alilichukua daftari, akaligeuza, akalifungua upande wa nyuma, akampa kalamu.

"Andika na zako."

Alichukua muda mrefu kuandika, kwa kuwa hakuwa na hakika. Safu ya saa aliijaza kwa kukisia. Safu ya idadi aliiandika, akaifuta, akaiandika tena kwa tarakimu kubwa zaidi. Safu ya vidole ilimshinda kabisa. Hakuweza kusema kama alipokuwa akimeza alikuwa anaumwa mgongo au alikuwa anaogopa kuumwa.

Muuguzi alipokuja alionyeshwa kurasa zote, za mbele na za nyuma. Alifanya mambo mawili. La kwanza, chupa ya mofini iliondolewa mezani ikahamia kwa mama mdogo wa yule kijana, aliyeifungia kabatini na kuja nayo kwa saa zake, kwani si haki kumweka mwenye njaa alinde sufuria. La pili, alimkataza kijana asitupe vidonge vyote ziwani kwa siku moja kama alivyotaka kwa hasira, bali aende hospitali akapunguziwe kwa kipimo. Alikwenda. Katika giza la tatu tangu aanze kupunguza, alirudia. Akaandika alichomeza, akarudi kliniki na daftari. Mama alifariki wakati wa masika, akili yake ikiwa timamu hadi asubuhi ya siku ile, akiwajua waliomzunguka kwa majina. Mofini iliyobaki chupani haikuachwa nyumbani. Muuguzi aliipima, akaiandika, akaichukua. Kurasa za mbele za daftari zilikoma hapo. Za nyuma ziliendelea, na kijana hakupata kumwambia mtu yeyote kuwa amepona.

Habari ya nyumba hii inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu imebeba makosa mawili yanayoonekana kupingana, nayo hutokea kila siku katika jamii zetu. Mama aliogopa pasipostahili hofu. Kijana hakuogopa palipostahili. Dawa iliyoogopwa ni ile yenye nguvu zaidi, mofini yenyewe; na iliyoaminiwa ni ile dhaifu zaidi, kwa kuwa ilikuwa katika pakiti safi yenye maandishi ya kiwanda. Tofauti iliyookoa haikuwa ya nguvu ya dawa. Mofini ya mama ilikuwa na mtu aliyeiandika, mtu aliyeipima, mtu aliyeuliza kesho yake imefanya nini, na mtu aliyechukua mabaki. Tramadoli ya mwana haikuwa na yeyote.

Hofu ya mama haikutoka hewani. Historia ya dawa hizi imejaa ahadi zilizovunjika. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Friedrich Sertürner aliitoa mofini katika afyuni na kuipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer iliuza heroini kama dawa ya kikohozi, ikiaminika kuwa haina hatari ya mofini. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya aya moja: kati ya wagonjwa 11,882 waliolazwa hospitali na kupewa angalau mara moja dawa za ukoo huu, ni wanne tu walioandikwa kuwa waraibu miongoni mwa wasiokuwa na historia ya uraibu. Barua ilihusu wagonjwa waliokuwa wodini, chini ya macho ya wauguzi. Lakini Marekani ilitajwa mara nyingi kana kwamba inahusu kila mtu aendaye nyumbani na chupa ya vidonge, na baada ya kampuni ya Purdue Pharma kuingiza sokoni OxyContin mwaka 1996, vidonge vilimiminwa hata kwa maumivu ya meno na ya goti. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilikiri makosa ya jinai mahakamani. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza zaidi ya watu 100,000 kwa kuzidisha dawa, wengi wao kwa jamii hii ya kasumba, hasa fentanili ya magendo iliyochukua nafasi ya vidonge.

Hata hivyo, aliyeumwa na nyoka asikimbilie kuchoma kila kamba. Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilionyesha kwamba katika tani 298.5 za dawa hizi zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikihesabiwa kwa kipimo cha mofini, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Kwingine watu walikufa kwa kuzidishiwa. Kwetu wengi hufa wakipiga kelele kwa kukosa kabisa. Mwenye saratani ya kizazi, mtoto wa kando ya ziwa mwenye uvimbe wa taya, ule ugonjwa uliopewa jina la Burkitt, daktari aliyeueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, hawa si watu wa kunyimwa kwa sababu ya makosa yaliyofanyika Marekani.

Ng'ambo ya ziwa hilohilo, Uganda ilikwisha kuonyesha njia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya unga ikawa inachanganywa na maji na kutiwa rangi ili nguvu ya kila chupa itambulikane kwa jicho. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo waiandike wenyewe, kwa kuwa vijijini daktari ni nadra, na wagonjwa walipewa bila malipo. Kilichoifanya njia hiyo iwezekane ni mtu aliyefundishwa, kipimo kilichoandikwa, na mguu uliokwenda hadi nyumbani kwa mgonjwa. Gharama kubwa haikuwa mofini. Mofini ya unga ni rahisi. Gharama ilikuwa watu.

Kwa upande wa madukani, Tanzania nayo ilianza mwaka 2003, kuanzia mkoa wa Ruvuma, kuyageuza maduka ya dawa baridi yawe maduka ya dawa muhimu, yenye wauzaji waliopewa mafunzo na orodha ya dawa wanazoruhusiwa. Ilikuwa hatua njema, kwa kuwa ilitambua kwamba daktari wa kwanza wa maskini ni mwenye duka. Mvuvi hapotezi siku nzima ya kupanga foleni hospitali kwa ajili ya mgongo. Huenda dirishani, jioni, kabla mtumbwi haujatoka. Muuzaji akimwuliza "Ngapi?" amemwuliza kama anavyoulizwa mnunuzi wa vitumbua. Akimwuliza "Unaumwa wapi, tangu lini, na mara ya mwisho ulimeza nini?" amemfanyia sehemu ya kazi ile aliyofanya muuguzi kwa daftari, na akisema "Hii siuzi bila cheti, nenda ukaonwe" amemfanyia zaidi. Duka litakosa shilingi kadhaa jioni ile, nayo ni hasara ya kweli kwa mwenye duka maskini. Kwa hiyo haifai kumwachia yeye peke yake mzigo wa uaminifu. Wakaguzi wana sehemu yao, na wenye mitumbwi, wanaojua vizuri ni kwa nguvu gani nyavu zao zinavutwa, wana yao.

Na familia ina yake, ambayo haihitaji leseni. Mwenye maumivu hupenda kufichwa, kwa kuwa maumivu ya siku nyingi huwachosha wasikilizaji, na mgonjwa huona aibu kulalamika jambo lile lile kila asubuhi. Hapo ndipo kidonge kinapokuwa rafiki wa pekee asiyechoka kusikiliza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, na wengi huidhani methali hiyo inamlaumu mgonjwa. Inawagusa pia waliomzunguka, kwani mtu hufichua maradhi yake palipo na wa kuyapokea. Yule mwalimu wa Mwanza hakuwa na elimu ya udaktari. Alijua dalili saba au nane alizoambiwa na nesi, na alikuwa na subira ya kumtazama mwanawe kwa miezi miwili. Hakumwita teja, neno ambalo yeye mwenyewe aliliogopa kuliko kifo. Alimwomba ahesabu.

Leo jioni, kama mwezi haupo, mitumbwi itatoka Kirumba, Igombe na Kayenze, na kutoka visiwa vya Ukerewe na Ukara. Mifukoni mwa baadhi ya mavazi ya kazi vimo vidonge, na katika baadhi ya nyumba za mteremkoni yupo mgonjwa anayekunja ngumi na kuuma shuka kwa kuogopa dawa ambayo ingemlaza. Wote wawili wanangoja kuulizwa jambo moja, vidole vingapi. Na atakayewauliza hana budi kukaa asikie jibu, na kurudi kesho kuuliza tena.